Mzee wa Kizuizi cha Mvua

Mtu ninayetaka kumweleza hapa ndiye aliyeiua hoteli yangu, na kwa muda wote aliokuwa akiiua, mimi ndiye niliyekuwa nikimlisha. Nilimpa ndizi, maharage na chai yenye sukari ya kusimamisha kijiko, na sikukuu zikifika nilimpa nyama. Hakuniomba. Nilimpelekea mwenyewe, kwa mikono miwili, nikiamini kwamba namnenepesha ng'ombe wangu wa maziwa. Jina lake nalijua, lakini sitalitaja kwa sababu hakuna aliyelitumia. Madereva, wafugaji, watoto na sisi wenye maduka sote tulimwita Mzee wa Kizuizi. Alizaliwa wapi na kwa ukoo gani, hayo waulizwe wengine. Mimi namjua kuanzia pale aliposhika mti.

Kwa wale waliozikuta barabara zikiwa na changarawe na madaraja ya zege, inabidi nieleze mti wenyewe. Miaka ile baada ya vita vya pili, barabara ya kutoka Omurushaka kwenda upande wa Kyerwa ilikuwa udongo mtupu, mwekundu, uliokatwa katikati ya mbuga za nyasi. Kiangazi ilikuwa vumbi, na mvua zikianza ilikuwa uji. Lori moja la kahawa likipita barabara ikiwa mbichi, liliacha makorongo ambayo lori la pili liliingia na halikutoka. Ndipo serikali ikaweka vizuizi vya mvua. Mti mrefu wa mkaratusi ulikatizwa barabarani, upande mmoja umefungiwa jiwe, upande wa pili una kufuli. Mvua ikinyesha, mti unashushwa, na kila gari linasubiri mpaka barabara ikauke, liwe la Mhindi, la misheni au la serikali yenyewe. Pengine ni saa chache, pengine ni siku mbili. Anayeamua kwamba imekauka ni mshika ufunguo, na mshika ufunguo wa kwetu alikuwa yeye.

Mimi nilirudi kutoka vitani na koti, birika kubwa na majivuno. Watu walidhani nimepigana. Nilikuwa mpishi, na adui niliyepambana naye kwa miaka yote ile ni kuni mbichi. Baba yangu, mkulima wa migomba na kahawa huko Nyabiyonza, alinitengea kipande kizuri cha kibanja, shamba lake la nyumbani, nikakikataa mbele ya ndugu zangu wote. Nilisema kwamba mtu aliyevuka bahari hawezi kurudi kushika jembe. Nilisema kwa sauti, nimesimama, mkono mmoja mfukoni mwa koti.

Muda si mrefu nilipanda lori, mvua ikatukamata pale kizuizini. Tulikaa kutwa kucha, abiria tele, tukiangaliana, hakuna hata kiazi cha kununua. Watoto walilia, wanawake walinung'unika, dereva alitukana mawingu. Wenzangu wote waliona taabu. Mimi niliona mji.

Kufa kufaana, wahenga walisema, nami nikalichukua neno hilo nikalijengea kuta. Nilisimamisha nyumba ya miti na udongo, nikaiezeka kwa bati, bati la kwanza katika mbuga ile, nikapanga mabenchi na vitanda vinne, nikatundika birika langu. Baada yangu alikuja fundi cherehani, kisha fundi baiskeli, kisha mama mmoja mpika rubisi, ile pombe yetu ya ndizi, na kijana wa Kayanga aliyeuza chumvi na sabuni. Tulikuwa nyumba chache zilizojipanga upande mmoja wa barabara, na upande wa pili ni nyasi na ng'ombe mpaka upeo wa macho. Tulijiita mji. Mimi nilijiona mwanzilishi wa mji, na nilipotembea mbele ya nyumba zile nilitembea polepole ili nionekane.

Lakini mji wote ulikuwa umening'inia kwenye ule mkaratusi mmoja. Mvua isiponyesha hatukuuza. Ikinyesha na barabara ikawahi kukauka, hatukuuza. Mti ule ukiondolewa kabisa, mimi ningerudi kwa baba yangu, mbele ya ndugu wale wale, nikaombe jembe. Hilo ndilo lililoninyima usingizi, na kwa ajili hiyo nilijitia urafiki na mzee.

Alikuwa mrefu, mkavu, mwenye koti la serikali lililobaki na kifungo kimoja cha shaba, na miguu isiyojua kiatu. Jino lake la mbele halikuwepo, na kila aliyeuliza lilikokwenda alipewa jibu lake. Fundi cherehani aliambiwa liling'olewa na teke la ng'ombe. Fundi baiskeli aliambiwa ni mpini wa kuwashia lori. Mimi aliniambia ni mke wake wa kwanza, tena kwa mwiko. Siku moja tulikaa wote watatu tukamshitaki kwa uongo wake, naye akatutazama mmoja mmoja, akasema, "Kila mmoja nilimpa jibu alilokuwa na akili ya kulipokea." Tulicheka, ila mimi nilienda nyumbani nikijiuliza kwa nini langu lilikuwa la mwiko.

Hakukanyaga barabara ovyo. Akienda mtoni kuchota maji alipita pembeni, kwenye nyasi, hata kama nyasi zimelowa na barabara ni kavu. Aliwakemea wafugaji waliovusha makundi yao popote walipotaka, akawaonyesha mahali pa kuvukia. Wakimaliza kuvusha, alikuwa akisimama pale pale na kuwasifia ng'ombe, huyu kwa pembe, yule kwa rangi, mpaka mwenye ng'ombe akasahau kwamba ametukanwa. Na katika maisha yake yote ya barabarani hakupanda gari hata mara moja. Madereva walimwomba wamfikishe Omurushaka siku za soko. Alikataa. Alisema tumbo lake halipendi kwenda mahali kabla ya miguu.

Hoteli yangu aliiita nyumba ya wavivu, na chai ya nyumba hiyo ya wavivu alikunywa kila siku, tena alilalamika ikichelewa.

Kazi yake ilianza mvua ikikatika. Alitoka kibandani, akaenda katikati ya barabara, akakita kisigino cha mguu wa kulia, akakizungusha, kisha akakiinua na kukitazama. Madereva walisimama nyuma yake wameshikilia pumzi. Nyuma ya madereva nilisimama mimi, nimeshikilia pumzi kwa sababu tofauti. Tope likiwa limegandamana kwenye kisigino, alisema neno moja tu: "Bado."

Neno lile lilikuwa tamu masikioni mwangu kuliko wimbo wowote wa kanisani. Akisema bado, mimi nilikuwa nimeshakimbia kuongeza maji kwenye birika.

Madereva walimbembeleza kwa sigara, kwa sukari, kwa vipande vya kanga vya kumpelekea mke ambaye hakuna aliyemwona. Alipokea vyote kwa mikono miwili, akashukuru, akaenda kukita kisigino, akasema bado. Dereva mmoja wa lori la ngozi alichemka.

"Mzee, sukari yangu umekula!"

"Nimekula, baba. Ilikuwa tamu. Mungu akuongezee."

"Basi fungua!"

"Sukari umenipa mimi. Barabara hujaipa kitu."

Nilicheka mpaka nikashika nguzo. Jioni ile ile nilimpelekea sahani ya ndizi na maharage nikamnong'oneza kwamba asiwe na haraka kesho. Alipokea kwa mikono miwili, akashukuru. Haikunipitia hata kidogo akilini kwamba mimi na dereva wa ngozi tulikuwa kwenye foleni moja.

Mvua niliiombea mpaka kanisani. Sisi ni Walutheri, na Jumapili za maombi ya hiari mimi ndiye niliyesimama wa kwanza kuomba mvua, kwa machozi kabisa. Mwinjilisti alinisifu mbele ya usharika kwamba huyu, ingawa si mkulima, anawakumbuka wakulima. Niliinamisha kichwa kwa unyenyekevu. Senene walipoanza kuruka mwezi wa Novemba, watoto wakawa wanakimbizana nao majanini, watu wengine walifurahia kitoweo. Mimi nilifurahia mawingu yaliyowaleta.

Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Mvua niliyoiomba ilinyesha siku ya arusi yangu.

Bibi arusi alikuwa anatoka Kayanga kwa lori, na mimi nilikuwa kwa baba yangu ng'ambo ya kizuizi, nimevaa suti ya kuazima, nikisubiri. Kwa desturi yetu bibi arusi hufika kwa wazazi wa mume, akapakatwa mapajani mwa baba mkwe na mama mkwe, akawa mtoto wa nyumba. Kabla ya kupakatwa, yeye na waliomsindikiza hawaingii nyumba ya bwana arusi wala hawaonji chakula chake. Hilo kila mtu analijua. Ambacho hakuna aliyekifikiria ni kwamba lori lingezuiwa na mvua mbele ya mlango wa hoteli yangu, nyumba pekee yenye paa zuri na chakula cha moto katika mbuga nzima, nayo ni nyumba ya bwana arusi.

Shangazi yake bibi arusi alikuwa mwanamke wa msimamo. Aliposikia hoteli ni ya nani, aliamuru hakuna kushuka. Wakakaa juu ya lori chini ya turubai, mvua inapiga, harufu ya mchuzi wangu inawapanda puani, na wapishi wangu mlangoni wanawasihi.

Habari zilinifikia. Nilichukua baiskeli nikaja na suti yangu, nikaanguka mara kadhaa, nikafika rangi ya barabara. Bibi arusi sikuruhusiwa kumwona, kwa hiyo nilijificha nyuma ya kibanda cha mzee, nikamwita kwa mluzi.

"Tata," nilimwambia, nikitumia neno tunalomwitia baba, "leo ni arusi yangu."

"Hongera, mwanangu. Umelowa."

"Nifungulie mti. Lori moja tu. Ni mke wangu yumo."

Alitoka kwenda barabarani. Nilimchungulia akikita kisigino, akikizungusha. Alirudi amekiinua ili nikione mwenyewe.

"Bado," alisema.

"Tata, nakusihi! Mimi mwanao, ninayekulisha!"

"Unanilisha, ni kweli. Na juzi uliniambia nisiwe na haraka."

Nilikaa chini kwenye tope na suti ya watu. Hapo mzee alinihurumia, lakini si kwa kufungua mti. Alichukua chungu chake, akakipasha moto, akakibeba mpaka kwenye lori chini ya mvua, akamwambia shangazi kwamba yeye si ndugu wa bwana arusi wala hana ukoo naye, ni mtu wa serikali tu, na chakula chake ni halali kwa msafiri yeyote. Shangazi alimchunguza, akaridhika. Wakala wote wakashiba. Shangazi alirudia. Chakula chenyewe kilikuwa changu, nilichomtumia mzee asubuhi ile kwa mkono wa mpishi, kiasi kikubwa kwa ajili ya sikukuu.

Walifika kesho yake jioni. Baba yangu alikuwa amelisha wageni mara mbili kwa arusi moja. Mke wangu alipakatwa akiwa anapiga chafya, na mpaka leo anasema kwamba hajawahi kula maharage matamu kama yale ya Mzee wa Kizuizi. Nimemweleza asili yake. Hataki kusikia.

Sasa nifike kwenye majembe, maana hapo ndipo ujinga wangu ulipokomaa.

Mzee hakuvumilia kuona mtu amekaa bure. Abiria wakizuiwa, alikuwa na kawaida ya kuwapitia pale kwenye mabenchi yangu, koleo begani, akawaambia, "Kukaa kunaumiza mgongo kuliko kulima. Anayetaka kunyoosha viungo aje." Mwanzoni walicheka. Kisha, kwa sababu kukaa siku nzima ukitazama nyasi kunachosha kweli, kijana mmoja aliinuka, halafu mwingine. Akawachimbisha mitaro pembeni mwa barabara, kutoka kwenye mti kupanda mlima, na kutoka kwenye mti kushuka bondeni. Madereva wenyewe walichimba. Nilimwona hata karani mmoja wa misheni akichimba na tai shingoni.

Mimi nilifurahi kupita kiasi. Mtu aliyekaa anakunywa chai, lakini mtu aliyechimba anakula sahani mbili na kuulizia ya tatu. Niliona mzee ananiletea njaa kutoka ardhini. Siku ya soko nilikwenda Omurushaka nikanunua majembe na makoleo, nikayaegemeza mbele ya hoteli, bure kwa mteja yeyote. Nilipoona maji yanatuama karibu na mlango wangu, nilimwomba mzee mwenyewe aupanue mtaro wa pale. Alishusha koleo begani.

"Una hakika, mwanangu?"

"Nina hakika, Tata. Chimba."

Mke wangu, aliyekulia kwenye kibanja na anayajua maji, alikuja kusimama karibu nami siku moja abiria wakichimba.

"Hivi unajua wanachimba nini?"

"Wanachimba njaa," nilimjibu, nikajisikia mwerevu.

"Mchimba kisima huingia mwenyewe," alisema, akaenda zake kuosha vikombe.

Kusubiri kwa siku mbili kukawa kwa siku moja. Siku moja ikawa mchana mmoja. Niliwaeleza wenzangu kwamba mvua za siku hizi hazina nguvu kama za zamani, nikawaambia na sababu, kwamba mizinga ya vita imetoboa mawingu. Nilikuwa mwanajeshi, waliniamini. Jumapili nikaomba mvua kwa machozi zaidi.

Ndipo habari ikaja kwamba Bwana Barabara, Mzungu wa kazi za njia, atapita mara mvua kubwa ikinyesha, aone kama kizuizi chetu bado kina kazi. Mvua hiyo ilinyesha, na ilikuwa mvua kweli, ya kuua kuku. Nilicheza ndani ya hoteli. Asubuhi jua lilitoka kali, nikatoka mlangoni, nikaona jambo ambalo kwa miaka yote sikuwa nimejiruhusu kulitazama: maji yanakimbia mitaroni, yanaimba, na katikati ya barabara mgongo wake umeanza kupauka.

Niliuita mji. Fundi cherehani, fundi baiskeli, mama wa rubisi, kijana wa chumvi, wapishi wangu, kila mtu na debe lake. Tukashuka mtoni, tukapanda na maji, tukaimwagilia barabara ya serikali. Tulimwaga, yakakimbilia mtaroni. Tukamwaga tena. Nilikuwa nimevua koti la vitani, jasho linanitoka, karibu nalia. Mzee alitoka kibandani na kikombe chake cha chai, akasimama kutuangalia. Nilidhani atanifukuza. Alinyoosha kidole mahali palipoinuka kidogo.

"Ongeza na hapa," alisema. "Hapa sijawahi kupajaribu vizuri."

Nikamwaga pale. Maji yakatelemka, yakaingia mtaro ule wa mlangoni kwangu, ule niliouomba mwenyewe, yakaondoka. Mzee aliitikia kwa kichwa, ameridhika, akamaliza chai yake.

Bwana Barabara alipofika tulikuwa tumejipanga na madebe mikononi. Alituuliza ni ya nini. Nikajibu kwamba tunampokea. Akamwuliza mzee kuhusu barabara. Mzee alikwenda katikati, akakita kisigino mbele yetu sote, akakizungusha, akakiinua. Mji wote ulitazama chini ya mguu wa mzee mmoja. Palikuwa na vumbi jembamba, basi.

"Imekauka, Bwana."

"Na lori likipita sasa hivi?"

"Lipite."

"Na mti?"

"Mti hauna kazi tena."

Bwana Barabara, ambaye hakuwa mtu mbaya, alimkumbusha kwamba mti usipokuwa na kazi, mshika ufunguo naye hana kazi. Mzee akasema anajua. Alikuwa ameufungua ule ufunguo kiunoni hata kabla ya kuulizwa.

Siku ile nilimchukia. Nasema wazi, nilimchukia kwa moyo wote. Nilimfuata kibandani nikapiga kelele.

"Umetuua, Mzee! Miaka yote nakulisha, na nguvu za ndizi zangu umezitumia kunichimbia kaburi!"

"Kaa," alisema.

"Sikai!"

"Basi simama. Mwanangu, sikuwekwa hapa kulinda chai."

Niliondoka nikiapa kwamba hataonja tena kitu changu. Jioni chakula kilikuwa kimeshapikwa na hakuna mteja, mke wangu akampelekea kama kawaida. Alirudi na sahani tupu na ujumbe kwamba maharage hayakukolea chumvi.

Mji ulikufa upesi kuliko ulivyozaliwa. Malori yalipita mvua ikinyesha, madereva wakitupigia honi kwa furaha, vikapu vya kahawa na abiria wakirukaruka nyuma. Walitupenda sana, hawakusimama. Kijana wa chumvi alirudi Kayanga. Mama wa rubisi alihamia Omurushaka, kwenye watu. Mimi nilishikilia mpaka birika likaanza kutu, kisha nikaenda kwa baba yangu. Nilikuwa nimetunga hotuba njia nzima. Baba alinisikiliza hadi katikati, akaingia ndani, akatoka na jembe jipya lenye mpini alioutengeneza mwenyewe. Ulikuwa umekauka vizuri kabisa. Alikuwa ameutengeneza zamani.

Nikawa mkulima. Nikapanda mibuni, nikajifunza kwamba maua ya kahawa yananukia vizuri na kwamba mgongo wa mpishi wa jeshi si kitu. Kahawa yangu ilisafirishwa kwa malori yale yale, ikafika sokoni kavu. Kanisani sikuomba tena mvua kwa machozi. Niliomba mvua ya kiasi.

Miaka ikapita. Siku moja mke wangu alinikumbusha kwamba bati zetu bado ziko kule mbugani juu ya nyumba inayoanguka, na jiko letu linavuja. Nilianika kahawa uani asubuhi, jua likiwa zuri, nikadandia lori nikaenda kuzing'oa.

Nilimkuta mzee pale pale. Alikuwa amezeeka sana, mgongo umepinda, jino la pili limelifuata la kwanza. Amepanda migomba mahali palipokuwa na jiko langu, migomba minene ajabu, kwa sababu ya majivu niliyokuwa nikimwaga. Tulisalimiana muda mrefu, kwa Kinyambo. Nilipotaja bati, aliniambia kwamba alikuwa akizikazia misumari kila kiangazi zisipeperuke. Tukazing'oa pamoja, yeye akishika ngazi. Kisha akanikalisha, akanipa punje za kahawa za kutafuna, heshima ya mgeni kwetu, akanipikia ndizi na maharage. Sikuona aibu kula. Nilikuwa na njaa.

"Tata," nilimwuliza nikiwa nimeshiba, "kwa nini hasa? Ungekaa tu. Sote tungekaa."

Aliokota punje ya kahawa, akaigeuza mdomoni upande wenye meno.

"Wewe hukuwahi kusimama pale na ufunguo," alisema. "Mtu anatoka mbali. Akiona moshi anafurahi. Akiona kisima anafurahi. Akiniona mimi, uso unakunjamana. Miaka yote ile, mwanangu, sikumwona mtu hata mmoja aliyefurahi kuniona. Isipokuwa nyie wenye maduka, nanyi mlifurahia mti." Alicheka kidogo. "Nilitaka watu wapite, wanipungie mkono. Basi."

"Na wanapunga?"

"Wapo wanaopunga. Lakini wanakwenda mbio."

Nilitaka kumwambia kwamba mimi nilikuwa nimefurahi kumwona siku ile, yeye mwenyewe, si mti. Lakini ngurumo ilipiga upande wa Nyabiyonza, nikatazama juu, mawingu yameshafunga, na kahawa yangu yote imeanikwa uani. Nilisimama nikiwa na ndizi mkononi. Wakati huo huo lori lilikuwa linashuka mlima. Nikakimbilia barabarani na bati zangu, nikapiga kelele, dereva akapunguza mwendo bila kusimama sawasawa, watu wakanivuta na bati zangu juu. Mvua ikaanza. Nilijisukuma kati ya magunia, nikakunjua turubai, nikazibana bati kwa magoti zisipige kelele wala kumkata mtu, nikamwambia dereva kupitia dirisha la nyuma akaze mwendo, kahawa yangu inalowa.

Akakaza. Ndipo nilipokumbuka kwamba sikuaga. Nilijiinua juu ya magunia, nikageuka kumpungia mkono, lakini tulikuwa tumeshapita kona. Barabara ilikuwa nzuri mno.